Mahindi, Mvua na Tezi ya Modesta

Nyamwaga, Jumatatu, Machi 3

Mvua ilianza jana jioni, na leo ardhi imelainika mpaka jembe linazama lenyewe. Nimepanda mahindi shamba la juu peke yangu, mimi Nyangi, mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye goti bovu. Mke wangu amekaa jikoni anaota moto.

Niandike wazi, ili hata mgeni akiiokota shajara hii asishangae. Mimi ni mwanamke na nina mke. Marehemu mume wangu aliniachia shamba, migomba na ng'ombe, lakini hatukujaliwa mtoto wa kiume, na kwetu Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi izimike. Mwanamke anaoa. Inaitwa nyumba ntobhu. Nilitoa mahari kwao Modesta, kule Manchira, kama mwanamume yeyote. Akaja, akazaa mtoto wa kike na mwanamume tuliyekubaliana, lakini kwa jina la nyumba yangu. Yeye ananiita Mama. Mimi humwita mwanangu nikiwa nimefurahi, na siku hizi sijafurahi.

Machi 5

Mvua. Modesta anaota moto.

Machi 6

Mvua. Modesta anaota moto, amevaa sweta mbili. Mimi natoka jasho.

Jumapili, Machi 9

Leo nimechinja jogoo! Baada ya misa Agness alinivuta pembeni. Agness ni mke wa shemeji yangu Machage, ndugu wa marehemu, na hakuna jambo la kijiji hiki linalompita. Akaninong'oneza, "Mkeo ana mimba, wewe umelala tu."

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu. Kizunguzungu kila akisimama. Kulala mchana. Na vitambaa vyake sivioni kwenye kamba siku nyingi. Hesabu mwenyewe."

Nilihesabu njia nzima na kwa kweli hata mimi sikukumbuka mara ya mwisho. Ndiyo maana amechoka, jamani! Nikasahau shamba la juu, nikasahau goti, nikamkimbiza jogoo mwekundu kuzunguka nyumba mara tatu. Modesta alikula vijiko viwili vya mchuzi akasema ameshiba. Nikaona ni mimba inamchagulia chakula, nikamalizia jogoo mimi na mjukuu.

Machi 11

Hakuna mimba. Tumekwenda zahanati, muuguzi akapima mara mbili kwa sababu nilimgombeza mara ya kwanza. Akamuuliza Modesta siku zake aliziona lini mwisho. Modesta akajibu polepole, kama mtu anayeongea na ukuta, "Tangu nijifungue sijaziona."

Mtoto ana miaka mitatu! Nilimtazama, yeye akatazama sakafu. Njia nzima ya kurudi nilihesabu miezi kwa vidole, na vidole viliisha.

Ijumaa, Machi 14

Leo risaga ilikuwa kwa Agness. Kwa asiyejua, risaga ndiyo namna tunavyolima huku. Nyumba yenye zamu inapika, inaita, na majirani wote wanakuja na majembe. Kesho wanakwenda kwa mwingine. Asiyetokea kwa wenzake, siku ya zamu yake atalima na kunguru.

Nilimpeleka Modesta ili wanawake waache kusema. Mstari wa pili tu akakaa chini katikati ya shamba. Alikaa vivi hivi, jembe mapajani. Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Mke wa Nyangi ni wa kuwekwa kabatini." Mimi pia nilicheka, kwa aibu.

Machage alinisubiri njiani. Ndiye mkubwa wa ukoo sasa. "Shemeji," akasema, "nimevumilia. Halimi, hazai, hacheki. Mahindi yakikaribia kukauka tutamwita baba yake tukae. Arudi kwao, uoe mwingine mwenye nguvu."

Sikumpinga. Nilifika nyumbani nimefura, nikamwambia Modesta maneno ambayo sitayaandika. Hakulia wala hakujibu kwa hasira. Alisema tu, "Mama, mimi nimechoka tangu siku ya Mokami."

Machi 15

Siku ya Mokami ndiyo siku aliyojifungua. Nimeifikiria tangu alfajiri.

Alizalia nyumbani kwa sababu uchungu ulikuja haraka na mto ulikuwa umejaa. Mtoto alitoka salama, kisha damu ikaja. Sijawahi kuona damu kama ile hata kwa ng'ombe. Godoro zima lililowa, akazimia, na tulipomfikisha hospitali walimwongezea chupa za damu na kutuambia tumshukuru Mungu. Tukashukuru. Tulirudi naye akiwa mweupe viganjani kama karatasi.

Maziwa hayakuja. Hata tone. Mtoto analia, wazee wakakaa wakasema, jina limekataliwa. Tulikuwa tumempa Mokami, jina la mama mkwe wangu. Tukambadilisha akawa Nchagwa. Maziwa hayakuja. Rafiki yangu Akech, Mjaluo anayeuza mitumba Nyamisangura, mjini Tarime, akasema hata kwao mtoto hulia mpaka aitwe jina analotaka, tujaribu la shangazi yake, Adero. Tukajaribu, ingawa hatuna hata tone la damu ya Kijaluo. Aliyetuokoa ni ng'ombe. Tulimpa mtoto maziwa ya ng'ombe, akanyamaza, tukarudi kwenye Mokami.

Mpaka leo ukiita jina lolote kati ya hayo matatu yule mtoto anaitika, ili mradi kuna chakula. Tumelicheka jambo hili miaka mitatu. Leo sikucheka. Tulimpima mtoto majina yote ya ukoo na ya jirani, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumpima mama yake.

Machi 18, Tarime mjini

Nimelala kwa Akech, naandikia kwenye gunia la nguo za watoto.

Asubuhi nilimweleza yote. Akech ana sauti ya kuuza sokoni hata akiwa chumbani. "Nyangi! Miaka mitatu mwanamke haoni siku zake, na wewe unapanda mahindi? Nyathina, vaa viatu, twende." Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na alikuwa anamwambia Modesta. Mimi alinitazama tu.

Daktari anaitwa Lilian, binti mdogo, kanga yangu ni ya zamani kuliko yeye.

"Shikamoo, mama. Huyu mgonjwa ni binti yako?"

"Marahaba. Ni mke wangu."

Hakushtuka. "Nyumba ntobhu? Sawa. Mume wa mgonjwa akae kiti kile."

Akaanza kumwangalia Modesta, na hapo ndipo na mimi nikamwona, kama vile ni mara yangu ya kwanza. Nyusi zimeisha pembeni. Nywele za kwapa hakuna. Ngozi kavu na imepauka. Presha ilikuwa chini, na aliposimama ikashuka zaidi, akashika meza. Sauti yake nzito na ya taratibu, ambayo mimi nilikuwa naiita kiburi, daktari aliisikiliza kwa makini akaandika.

Kisha akauliza, "Wakati wa kujifungua, alivuja damu sana?"

"Godoro zima," nikasema.

"Alinyonyesha?"

Nikaanza kueleza habari ya majina. Nilipofika kwa Adero, daktari aliweka kalamu chini. Nilidhani atacheka. Akasema, "Mama, nadhani najua shida iko wapi, lakini sitasema kabla ya vipimo. Mtakwenda Mwanza."

Machi 26, Mwanza

Wametoa damu asubuhi na mapema, wamepiga picha ya kichwa kwa mashine inayonguruma. Modesta alilala ndani ya mashine usingizi kabisa. Fundi akasema hajawahi kuona.

Ijumaa, Aprili 4

Majibu. Niandike yote kabla sijasahau hata neno moja.

Daktari Lilian alisema chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wa harage. Inaitwa pituitari. Kazi yake ni kutoa amri. Inaiamuru tezi ya shingoni, inaziamuru zile zilizo juu ya figo, inaviamuru vifuko vya mayai ya uzazi, na ndiyo inayoleta maziwa. Amri zenyewe ni homoni, zinasafiri kwenye damu. Mwanamke akiwa mjamzito ile tezi inanenepa na kutaka damu nyingi. Sasa akijifungua akavuja damu kama Modesta, tezi inakosa damu, na sehemu yake inakufa.

"Kwa hiyo uzazi wake umeharibika?" niliuliza. "Na shingo? Na figo?"

"Hapana. Hivyo vyote ni vizima. Havipati amri."

Mara ikanijia. "Subiri, daktari. Ni sawa na risaga ambayo haikuitwa. Majirani wapo majumbani, wana afya, majembe yamenolewa. Lakini aliyepaswa kuwaita amelala, basi kila mtu amekaa kwake na shamba linaota magugu."

Daktari alicheka akapiga meza. "Mama, nitaiba hiyo nikawaelezee wengine."

"Kwa hiyo huyu hakuwa mvivu."

"Mtu mwenye hali hii kusimama tu asubuhi ni kazi. Wewe unasema alikuwa anakuchotea maji?"

Alikuwa ananichotea maji. Kila siku, ndoo moja, akipumzika njiani. Nilikuwa nikimwuliza kwa nini si mbili.

Modesta ndiye aliyeuliza swali la maana. "Nitapona?"

Daktari akamgeukia yeye, si mimi. "Ile tezi haitafufuka. Lakini homoni zilizokosekana tunaweza kukupa kwenye vidonge, kila siku, maisha yako yote. Ukivinywa vizuri utakuwa na nguvu kama wenzako." Akaonyesha kidonge cha kwanza, kile cha tezi za juu ya figo, asubuhi na kidogo tena mchana. Hicho kinaanza. Cha tezi ya shingo kitafuata baadaye, kwa sababu kikitangulia kinaweza kumwangusha. Vya kurudisha siku zake vitakuja mwisho. Kuhusu mtoto mwingine alisema inawezekana, ila ni kwa sindano za mabingwa na haahidi.

Halafu alitunyooshea kidole sote wawili. "Akipata homa, anameza mara mbili ya kawaida. Akitapika, vidonge havikai tumboni, basi msisubiri hata saa moja. Sindano, mara moja. Na asiache kamwe, hata akijisikia mzima kama nini. Mmenielewa?"

Tulirudia maneno hayo kama watoto wa mafundisho ya Ekaristi.

Aprili 7

Kidonge cha kwanza. Nimemkodolea macho siku nzima. Akasema, "Mama, nikitaka kuota mabawa nitakwambia." Huo ni utani! Modesta ametania!

Aprili 8

Mvua. Amechota ndoo mbili. Sikumtuma.

Aprili 10

Ameomba ugali zaidi.

Aprili 11

Ameomba ugali zaidi, na samaki wangu.

Jumapili, Aprili 20, Pasaka

Amesimama misa nzima. Kwenye Aleluya nikasikia sauti nyuma yangu, ya juu, safi, nikageuka kuona ni mgeni gani. Ni mke wangu. Tumeishi nyumba moja miaka minne na nusu na sikujua sauti yake inafika huko, maana alipokuja alikuwa msichana mwenye haya, na haya ilipoisha ugonjwa ukaingia. Agness alinigusa mbavu. Nilifumba macho nikajifanya nasali.

Aprili 29

Leo tumegombana. Kuhusu chumvi ya mboga. Nilisema imezidi, akasema ulimi wangu ndio umezeeka, nikasema hii nyumba ni ya nani, akasema sufuria ni la anayepika. Akatoka akabamiza mlango mpaka kuku wakaruka. Nilikaa pale jikoni nikicheka peke yangu kama mwehu. Mboga ilikuwa na chumvi nyingi kweli.

Mei 2

Mvua kubwa. Palizi imekwisha shamba la juu. Wawili tu, siku tatu.

Mei 6

Ameanza vile vidonge vya tezi ya shingo. Anasema baridi imeanza kumwachia miguu.

Jumanne, Mei 13

Ataishi, naandika hilo kwanza.

Jana jioni alikuwa na homa. Akameza mara mbili kama tulivyofundishwa. Asubuhi akavitapika. Akameza tena, akatapika tena. Nilipomgusa alikuwa wa baridi na amelowa jasho, akanitazama akaniuliza mimi ni nani.

Msisubiri hata saa moja. Nilitoka nje, mvua inamwagika kama ndoo. Nikamwita kijana wa bodaboda, akaja, akaitazama barabara, akasema, "Bibi, pale mtoni sipiti." Nikamwachia Agness mtoto, nikaanza kumbeba Modesta mgongoni. Na goti hili!

Ndipo Machage akatokea na pikipiki yake ya zamani, alikuwa anafuata jembe lake la ng'ombe lililobaki kwangu. Nilimpigia kelele, "Shemeji, anakufa!"

Nilitegemea atauliza maswali. Alitupa koti lake juu ya Modesta, akasema, "Mpandishe katikati, wewe mshike, na usiponishika vizuri nakuacha matopeni." Tukaenda hivyo, watatu, Modesta kichwa kimelala mgongoni kwa mtu aliyetaka kumrudisha kwao. Mtoni tulianguka. Machage alimnyanyua kabla hajajinyanyua mwenyewe, akamvusha mabegani maji yakiwa kiunoni, akarudi kuisukuma pikipiki, na njia nzima alikuwa akimwambia kwa Kikurya asilale, asithubutu kulala.

Kituo cha afya alikuwepo muuguzi Judith. Nilimkabidhi kadi ya daktari, nikasema bila kuvuta pumzi, "Tezi ya ubongo haifanyi kazi, ametapika vidonge, anahitaji sindano ya homoni sasa hivi." Judith alisoma kadi, hakubishana, akachoma sindano na kumtundikia dripu. Alipopima damu akakuta malaria, akamwanzishia na dawa yake.

Tulisimama pembeni mimi na Machage, matope mpaka kwenye nyusi. Nilishika mguu wa Modesta kwa sababu mkono ulikuwa na dripu. Niliomba. Nilimwambia Mungu achukue mahindi yote, achukue migomba, hata goti zima lililobaki. Na nilijua, pale pale, kwamba sikuwa naombea nyumba ipate mtoto wa kiume. Nilikuwa namwombea Modesta tu, huyu mwenye chumvi nyingi.

Haikupita muda mrefu macho yakafunguka. Akamtazama Machage, akanitazama mimi. "Mama," akasema, "mbona mmejichafua hivyo?"

Machage alitoka nje haraka. Nilimsikia akipenga kamasi kwenye mvua.

Mei 17

Nyumbani. Mvua kidogo. Amekula.

Mei 25

Mahindi yamebeba vizuri ajabu. Modesta amekwenda risaga kwa jirani na kuwaacha wanawake nyuma mistari miwili. Yule aliyesema habari za kabati nilimtazama muda mrefu.

Jumapili, Juni 8

Kikao. Nilidhani baada ya yale ya mtoni Machage ataacha, lakini ukoo ni ukoo. Alizungumza kwa upole safari hii.

"Shemeji, hakuna anayemchukia huyu binti. Lakini daktari hakuahidi mtoto mwingine. Nyumba ya kaka yangu inataka mvulana. Arudi kwao kwa heshima, uoe mwingine."

Baba yake, mzee Mseti, alikuwa amekuja kutoka Manchira na shati jeupe. "Mimi nikipewa mwanangu akiwa mzima nitashukuru," akasema. "Nilimtoa mzima, nikasikia ni mgonjwa, sasa namwona anang'aa. Nitampokea."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeandaa hotuba, na ilikuwa nzuri. Ikapotea yote. Nikasema, "Modesta aulizwe."

Wazee walitazamana kana kwamba nimesema ng'ombe aulizwe. Lakini nilikazana. "Aulizwe. Ana mdomo, tena siku hizi mnausikia kutoka barabarani."

Modesta alisimama. Hakushika meza wala ukuta. "Wazee shikamooni. Nilikuja hapa nikiwa mdogo, kwa kuambiwa. Kisha nikaugua. Sijawahi kukaa nikaamua jambo langu nikiwa na nguvu. Nataka niende na baba Manchira, nikae, nifikiri. Nitakachoamua nitakisema mwenyewe."

Nilitaka aseme atabaki. Nilikuwa na hakika atasema atabaki.

Machage akasema, "Aende. Lakini mtoto ni wa nyumba hii, abaki, ndipo tutajua mama atarudi."

Na hapo nikasikia sauti yangu kabla sijaamua. "Mtoto aende na mama yake. Mokami si rehani."

"Shemeji, asiporudi umekosa vyote viwili."

"Najua kuhesabu, mura." Ndiyo, nilimwita mkubwa wa ukoo kijana.

Nilimfungia vidonge mwenyewe, vya kutosha na vya ziada, nikaweka na kadi. Mokami alipanda mabegani kwa babu yake akanipungia mkono wote wa kushoto. Nilipunga mpaka hawakuonekana. Kisha nikaingia ndani na sikupika.

Juni 12

Jua. Hajarudi.

Juni 17

Hajarudi. Nyumba ni tupu, kila mlio wake unasikika.

Juni 21

Akech amepiga simu kunigombeza. "Mpigie! Mwambie umemkosa!"

"Nikimpigia nitamwomba, na nikimwomba atarudi kwa huruma. Hatakuwa ameamua."

"Nyangi, una kichwa kigumu kuliko kokwa la embe."

"Ndiyo."

Juni 27

Nimepiga mara moja tu, tena kwa mzee Mseti, kuuliza habari za vidonge. Akasema, "Anameza, mkwe. Anameza na kuimba. Jana amekwenda mwenyewe hospitali Mugumu kupimwa presha." Nikasema vizuri. Nikakata simu nikalia, nusu ya furaha. Ana nguvu za kwenda popote sasa. Hilo ndilo tulilokuwa tukitafuta tangu Machi, na sitamsema vibaya hata akienda.

Julai 4

Mahindi yamekauka. Wanawake wameuliza risaga yangu ya kuvuna ni lini. Nimesema wiki ijayo. Hajarudi.

Julai 11

Ngedere wameanza kuyala mahindi. Nimesema wiki ijayo. Hajarudi.

Julai 15

Machage amekuja na habari za msichana wa Nyamongo, mwenye mwili, wa familia nzuri. Nimempa chai. Nimemwambia sioi tena. Akauliza na nyumba je? Nikasema nyumba ina mtoto mmoja wa kike mwenye majina matatu, akikua na akitaka ataitunza, asipotaka Mungu anajua. Alikunywa chai yote bila kubishana. Sidhani nimemshawishi, ila alinisaidia kufukuza ngedere kabla hajaondoka.

Jumamosi, Julai 19

Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua maharage wakati pikipiki iliposimama. Alishuka Mokami kwanza, amenenepa, kisha gunia la dagaa, kisha Modesta. Hakunisalimia. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, shambani.

"Mama! Mahindi bado yamesimama?"

"Nilikuwa..."

"Julai hii! Nusu yameliwa! Ulikuwa unasubiri nini?"

Nilisema, "Nilikuwa nakusubiri wewe." Ilitoka hivyo, mbele ya dereva wa watu.

Akaweka gunia chini, kisha akaendelea kunigombeza, sasa kuhusu mwili wangu, nimekonda, sili, mtu mzima anaachwa mwezi na siku chache anashindwa kujitunza. Mokami alikuwa amekwisha kaa mapajani pangu anamwaga maharage. Kwa sauti ile Agness alitokea, na nyuma yake Machage, kofia mkononi, kama mtu aliyepita tu.

Modesta aliwasalimia kwa adabu zote. Kisha akasema amekuja kusema alichoamua, kama alivyoahidi. Kesho anavuna. Msimu ujao shamba la chini atalima yeye mboga na kuziuza sokoni Sirari. Habari ya mtoto mwingine ni kati yake na daktari Lilian, akitaka siku moja atakwenda mwenyewe, na asiletewe mwanamume wala asiulizwe kila Jumapili. Vidonge atameza mpaka azeeke, na anakusudia kuzeeka sana.

Machage alizungusha kofia. "Sasa, binti, kuna nyumba ya baba yako, kuna afya, hukulazimishwa. Hapa hakuna mume. Umerudi kwa nani?"

"Mume sijaulizia," Modesta akamjibu. "Nimerudi kwa mama yangu."

Akainua gunia lake la dagaa peke yake akaingia nalo ndani. Nilienda nyuma ya nyumba, nikasimama na kuku mpaka machozi yakakauka.